Upepo ukifumua paa, kagua hivi kabla ya kuezeka upya

Upepo wa mvua ya radi ukishapita huku Kibosho, Kilimanjaro, watu hukimbilia kuokota mabati. Ngojeni kwanza. Kama nguzo imeanguka au waya umelalia bati, usiguse kitu. Piga simu TANESCO, shirika la umeme, watoto wasisogee. Kisha piga picha, mwonyeshe mtendaji wa kijiji.

Mimi fundi nikifika, nasoma misumari. Ikiwa imebaki kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) na bati limechanika matundu, bati lilikuwa jembamba. Ukingoni ndiko upepo unakovuta paa juu kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hapo weka bati la geji 28, si 30; namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi. Muuza duka atakwambia zote sawa. Yeye halali chini yake. Misumari ikitoka pamoja na bati, angalia papi kama zimeoza.

Paa likiondoka zima na kenchi zake (fremu za mbao zinazolibeba), tatizo liko ukutani. Wolpleti, yaani mbao za juu ya ukuta zinazokaliwa na kenchi, nyingi ninazozikuta zimelazwa tu juu ya tofali! Chimbia nondo ya milimita 6 ndani ya zege la lenta (mkanda wa juu ya milango na madirisha) wakati wa kulimwaga, ipandishe hadi juu, ikunje kuizunguka wolpleti, kisha funga kila kenchi hapo. Nyumba iliyokwisha jengwa, toboa ukuta chini ya lenta upitishe nondo.

Msumari wa bati hupigwa mgongoni, pale bati lilipoinuka, kamwe si bondeni. Barazani upepo huingia kwa chini, basi nguzo zake zisimamishwe kwenye zege. Mawe juu ya bati yaondoe, yatamwangukia mtu. Miti ya migrivelia inayoinamia nyumba pogoa Februari, kabla ya masika.