Jinsi ya kusoma taarifa za kambi ya Agosti na kukadiria msimu wa timu ya chuo

Agosti kila timu ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo iko fiti. Sijawahi kusikia kocha amesimama mbele ya maikrofoni wiki ya kwanza ya kambi ya mazoezi akasema vijana wake wamekuja wazito na safu ya mbele inavuja. Septemba ndiyo inayosema. Mwaka 2024 Florida State walianza msimu wakiwa nafasi ya 10 kwenye kura ya AP, ile ya waandishi wa habari, wakamaliza na ushindi 2 na vipigo 10. Mwaka huohuo Indiana walitabiriwa kumaliza wa 17 kati ya timu 18 za ligi ya Big Ten, wakashinda 11 na kupoteza 2.

Mwongozo huu ni kwa wenzangu tunaoishi huku na kufuatilia timu ya chuo cha jirani, au ya chuo anachosoma mtoto, na pia kwa mlioko nyumbani mnaokesha Jumamosi usiku kuangalia mechi. Nachukulia kwamba sheria za mchezo unazijua. Kazi yetu hapa ni moja: kuchukua rundo la taarifa za mazoezi na kutoa makadirio ya maana. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kambi inakuambia nani yupo, nani hayupo, na pengo liko wapi. Ubora wa timu haikuambii, hata taarifa ziwe ndefu kiasi gani.

Hatua ya 1: Andika makadirio yako kabla kambi haijafunguliwa

Fanya hivi mwishoni mwa Julai, kwa kalamu, kabla hujasoma sifa hata moja. Chukua matokeo ya msimu uliopita, angalia wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza wamerudi, nani wamekuja kwa usajili wa uhamisho, na ratiba ikoje. Bill Connelly wa ESPN huchapisha kila mwaka hesabu ya kiasi gani cha uzalishaji wa msimu uliopita kinarudi kwa kila timu. Anza na hiyo, itakupunguzia kazi.

Kisha angalia mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu. Timu iliyoshinda karibu zote za aina hiyo ilikuwa na bahati, na bahati haina mkataba wa miaka miwili. Iliyopoteza karibu zote inaweza kupanda bila kubadilisha lolote.

Andika namba moja: kwa mfano, ushindi 8 kati ya mechi 12 za msimu wa kawaida. Jiwekee na sheria: habari za kambi zinaweza kuisogeza namba hiyo kwa ushindi mmoja, juu au chini. Ukitaka kuisogeza kwa miwili, lazima kuwe na kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza ushambuliaji) aliyeumia au wachezaji wawili wa safu ya mbele, wale wanaomlinda, waliotoka. Bila sheria hii, kufikia Agosti 20 utakuwa unaamini timu yako itachukua ubingwa.

Indiana ya 2024 ilionekana hapa, kwenye hatua hii, wala haikuhitaji kambi. Kocha Curt Cignetti alikuwa ametoka James Madison, timu iliyomaliza msimu wa kawaida wa 2023 na ushindi 11 na kipigo kimoja, na alihama na wachezaji zaidi ya kumi wa kikosi kile. Walikuwa vijana wanaojua mfumo wake tayari. Waliotabiri waliangalia jina Indiana, hawakuangalia waliosajiliwa.

Hatua ya 2: Jua mwandishi ameona nini kwa macho yake

Shule nyingi huwaruhusu waandishi kuangalia dakika chache tu za mwanzo: kunyoosha viungo na mazoezi ya makundi madogo. Baada ya hapo geti linafungwa. Kwa hiyo ukisoma "ushambuliaji ulitawala leo", jiulize nani aliyeona. Mimi napitia kila taarifa na kuweka alama tatu pembeni: M kwa alichokiona mwandishi, K kwa alichosema kocha, T kwa tetesi za "mtu wa ndani". Zilizo na M ndizo za kuanzia. T nazisoma kwa burudani.

Angalia na tarehe. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinataka mazoezi yaanze taratibu: siku za mwanzo kofia tu, kisha pedi za mabega, ndipo vifaa kamili. Ukikuta mtu anasifia nguvu za safu ya mbele siku ya pili ya kambi, anasifia watu wasiogongana. Kwa wapokeaji na mabeki wa nyuma siku hizo zina maana kidogo, maana kasi na miguu vinaonekana. Kwa wale wakubwa wa kati, subiri pedi.

Hatua ya 3: Anza na mabaunsa watano

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo waandishi wengi wanapotumia muda mchache, kwa sababu habari za kwotabeki ndizo zinazosomwa.

Wanaomlinda kwotabeki ni watano, na kazi yao ni ya kuelewana. Mmoja akikosea, wanne waliofanya sawasawa hawaonekani. Chora jedwali: safu wima tano kwa nafasi tano, mistari kwa tarehe. Kila taarifa inayotaja nani alisimama na kikosi cha kwanza, jaza majina. Dakika zile za mwanzo zinatosha kwa hili, kwa sababu hata kwenye mazoezi mepesi wachezaji hupangwa kwa vikosi, na mwandishi makini huorodhesha majina kutoka kushoto kwenda kulia.

Baada ya wiki mbili jedwali linaanza kusema. Majina matano yaleyale kwa siku kumi mfululizo ni habari njema kuliko sifa yoyote ya kocha. Nafasi moja yenye majina mawili yanayopishana ni kawaida, hasa kama ni mgeni wa usajili anapambana na mwenyeji. Nafasi tatu zinazobadilika hadi wiki ya tatu ni tatizo, hata kocha akisema "tunawazoesha vijana nafasi zote". Senta, anayemrushia kwotabeki mpira wa kuanzia, msome peke yake. Akibadilishwa dakika za mwisho, mpira wa kuanzia unaanza kupaa juu ya kichwa cha kwotabeki na kila kitu kinaharibika kabla hakijaanza.

Colorado ya 2023 ni somo zuri. Kocha Deion Sanders alijaza kikosi kipya karibu chote, kelele zikawa za wapokeaji, kwotabeki na Travis Hunter aliyecheza pande zote mbili, ushambuliaji na ulinzi. Walishinda mechi tatu za kwanza, wakamaliza 4-8, na kwotabeki wao aliangushwa zaidi ya mara 50. Vipaji vya pembeni vilikuwepo kweli. Waliokosekana ni wa kumpa sekunde tatu za kurusha.

Tahadhari moja kuhusu mazoezi ya mmoja kwa mmoja. Beki wa mbele wa ulinzi anapopambana na mlinzi wa kwotabeki katika eneo wazi, beki huyo ana faida, kwa kuwa mwenzake hana msaada wa jirani. Kwa wapokeaji dhidi ya mabeki wa nyuma, faida iko kwa mpokeaji, maana ana uwanja mzima na hakuna anayemkimbiza kwotabeki. Kwa hiyo "mpokeaji fulani alishinda zamu zake zote" ni habari ndogo. "Mlinzi wa kushoto alishinda nyingi dhidi ya beki bora wa timu" ni habari kubwa.

Hatua ya 4: Fuatilia majeruhi kwa kuangalia asiyetajwa

Mwezi Agosti kocha wa chuo halazimiki kutangaza majeruhi. Big Ten walianza kutoa orodha za upatikanaji wa wachezaji mwaka 2023 na SEC, ligi nyingine kubwa, mwaka 2024, lakini hizo ni za kabla ya mechi, si za kambi. Inabidi ujitafutie.

Angalia jezi. Kwotabeki huvaa rangi ya kuonyesha haguswi, na majeruhi mara nyingi huvaa rangi yao. Kila shule ina yake, kwa hiyo jua ya kwenu. Angalia nani yuko kwenye baiskeli za pembeni. Na angalia jina lililokuwa likitajwa kila siku likapotea kwa siku nne. "Anaendelea vizuri, tunamwangalia siku hadi siku" ikirudiwa wiki ya pili, mwondoe kwenye mechi ya kwanza.

Majeraha ya misuli ya paja ndiyo yananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu yanadharauliwa. Agosti 12, 2023, Iowa walifanya mazoezi ya wazi, Siku ya Watoto kwenye uwanja wa Kinnick. Cade McNamara, kwotabeki aliyetoka Michigan na kubeba matumaini yote ya ushambuliaji, aliumia msuli wa mbele wa paja bila kuguswa na mtu. Alianza mechi ya kwanza, lakini miguu ilikuwa si ile, alirusha akiwa amesimama palepale. Mwisho wa Septemba, dhidi ya Michigan State, goti likaondoka na msimu wake ukaishia hapo. Waliokuwa wakisoma vizuri waliacha kuuliza "atacheza?" wakauliza "namba mbili anapewa zamu ngapi?" Hilo ndilo swali la kuuliza kila mara.

Hatua ya 5: Chuja sifa

Nyingi ni hewa. Nina vipimo viwili tu. Kwanza, sifa imetaja kitendo? "Amekomaa" haina kitu. "Amehamishiwa kucheza katikati tukiwa na mabeki watano wa nyuma" ina kitu, maana inakuambia dakika zake zitatoka wapi. Pili, nani anasifu? Kocha wa ulinzi akimsifu mpokeaji bila kuulizwa, nainua sikio. Kocha wa wapokeaji akimsifu mpokeaji wake, naendelea kusoma.

Kijana wa mwaka wa kwanza anayewasha moto kambini hupatikana kila mwaka, kila shule. Wachache sana wanaanza mechi ya kwanza.

Hatua ya 6: Mechi za ndani

Tatizo la timu kucheza yenyewe kwa yenyewe ni kwamba kila ushindi ni kipigo cha mwenzako. Ulinzi ukinyakua pasi nne, una ulinzi mzuri au kwotabeki mbaya? Taarifa haiwezi kukujibu. Usipoteze nguvu kwenye matokeo, wala kwenye takwimu anazotoa kocha baada ya mechi iliyofungwa, kwani ni yeye anayechagua zipi zisomwe. Kama kikosi cha kwanza kilicheza na cha pili, tupa kabisa.

Tafuta yale yasiyomtegemea mpinzani: waliosogea kabla ya mpira kuanza, mipira ya kuanzia iliyodondoka, adhabu za kijinga, mateke. Mpiga mateke aliyekosa yadi 38 mara mbili hakukoseshwa na mtu. Watu hupita hapo haraka wakitafuta tachidauni, na mimi hapo ndipo ninapopata vitu vya kuandika kwenye daftari.

Hatua ya 7: Mbio za kwotabeki

Jina la mshindi lina uzito mdogo kuliko unavyodhani. Mwaka 2022 TCU walimchagua Chandler Morris kambini, Max Duggan akakaa benchi. Morris akaumia mechi ya kwanza. Duggan aliingia, akaipeleka timu fainali ya taifa na kumaliza wa pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. (Fainali yenyewe Georgia waliwafunga 65-7, tuiache.) Georgia haohao, msimu wa 2021, walianza na JT Daniels na kutwaa ubingwa na Stetson Bennett.

Kwa hiyo pima umbali kati ya namba moja na namba mbili. Wakigawana zamu za kikosi cha kwanza hadi wiki ya tatu, na wote wamewahi kucheza mechi za kweli, ninaongeza imani. Wakigawana kwa sababu hakuna anayeweza, utaiona kwenye ushambuliaji mzima: mazoezi ya wazi yamejaa pasi fupi za pembeni na hakuna anayejaribu mbali.

Hatua ya 8: Rudi kwenye namba yako

Siku tatu kabla ya mechi ya kwanza, toa karatasi ya Julai. Orodhesha mambo yenye alama M pekee. Safu ya mbele imetulia? Majeruhi ni nafasi gani? Namba mbili wa kila nafasi nyeti ni nani? Sogeza, au usisogeze. Mara nyingi namba inabaki palepale, na hilo si dosari.

Wairudie Iowa ya 2023 wale wanaotaka kusogeza sana. Kwotabeki ameumia kambini, kisha amepotea, na ushambuliaji ukamaliza wa mwisho nchi nzima kwa yadi. Ukiwa na habari hizo zote mapema ungekata ushindi mitatu. Walishinda mechi 10 za msimu wa kawaida. Ulinzi ulikuwa umekaa vizuri tangu mwaka uliopita na mpiga mateke Tory Taylor alikuwa akiwazika wapinzani kwenye kona zao mechi baada ya mechi, na yote mawili yalikuwa tayari kwenye karatasi ya Julai. Mwisho wa msimu udhaifu uliwakuta, Michigan wakawafunga 26-0 na Tennessee 35-0, lakini makadirio yetu ni ya mechi 12.

Baada ya mechi ya tatu rudi kwenye daftari uangalie alama zako za M, mwandishi kwa mwandishi. Aliyepatia nani alisimama wapi, mfuate Agosti ijayo. Wengine waache.