Kubadilisha kadi ya grafiki katika iMac ya inchi 27 ya mwaka 2011

Jirani yangu anayehariri video za harusi aliniletea iMac yake ya inchi 27 ya mwaka 2011, akitaka kujua kama aiuze au bado ina uhai. Prosesa ilikuwa bado inamtosha. Kilichomkwamisha ni kadi yake ya AMD Radeon HD 6970M, ambayo haina uwezo wa Metal (mfumo wa Apple wa kuchorea picha kwa kadi ya grafiki), ilhali macOS inaudai uwezo huo kuanzia toleo la Mojave la mwaka 2018. Katika iMac za 2009 hadi 2011 kadi hiyo huchomekwa kwenye soketi ya MXM, aina ya soketi ya kadi za grafiki za laptopu, hivyo inabadilishika. Kuanzia 2012 imelehemiwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na kioo kimegundishwa, na mwongozo huu hauzihusu hizo.

Hatua ya 1: Kuchagua kadi

Tulichukua NVIDIA Quadro K1100M yenye kumbukumbu ya GB 2 na matumizi ya wati 45. Zipo zenye nguvu zaidi, lakini katika mashine nyembamba namna hii nguvu ya ziada hugeuka kuwa joto. Nunua iliyokwisha kuandikwa firimwea ya Mac, yaani programu ya msingi inayokaa ndani ya kadi. Bila hiyo hutaona skrini ya kuchagulia diski wakati wa kuwasha, na mimi sioni sababu ya kujitesa kwa kuiandika mwenyewe ili kuokoa fedha kidogo.

Hatua ya 2: Kufungua

Chomoa umeme na usubiri, kwa kuwa pawasaplai hubaki na chaji. Kioo kimeshikwa na sumaku tu, hivyo kivute kwa vikombe vya mpira. Fungua skrubu nane za T10 (zenye kichwa cha nyota), inua skrini, chomoa kebo zake nne, kisha toa madabodi nzima.

Hatua ya 3: Kipoza joto

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima. Kipoza joto cha shaba kiliundwa kwa ajili ya kadi ya awali, na chipu za kumbukumbu za kadi mpya hazikai mahali palepale wala hazina kimo kilekile. Mara ya kwanza niliweka pedi nene za kupitishia joto juu ya kumbukumbu, nikidhani unene ni usalama, kumbe pedi hizo zilikiinua kipoza kiasi kwamba hakikuigusa chipu kuu, na kompyuta ikazima baada ya dakika chache. Mara ya pili niliweka nyembamba kupita kiasi, kumbukumbu ndizo zikabaki bila kuguswa, na picha ikajaa mistari. Kila kosa lilinilazimu kutoa tena madabodi nzima.

Kwa hiyo jaribu kabla ya kurudisha chochote. Paka pesti ya kupitishia joto kidogo kwenye chipu kuu, weka pedi, funga kipoza, kisha kifungue utazame alama. Pesti iwe imetandazwa sawasawa hadi kwenye kona zote, na kila pedi iwe na chapa ya chipu yake. Ikiwa alama iko upande mmoja tu, kipoza kimeinama. Kaza skrubu kwa kupishana pembe, nusu mzunguko kwa kila moja, wala usitumie bisibisi ya umeme, kwa maana chipu kuu haina kifuniko na ukingo wake humeguka kirahisi. Ukiridhika, futa pesti ya majaribio na upake mpya. Pedi nilizoona zinafaa ni zile laini zinazobonyea kwa kidole. Zile ngumu zinazofanana na raba ya kufutia ziache dukani.

Hatua ya 4: Kurudisha na kupima

Rudisha madabodi na kebo, lakini kioo kisubiri. Washa, kisha inua skrini kidogo utazame taa ndogo nne zilizoko kwenye madabodi: ya tatu ikiwaka, kompyuta imeitambua kadi. Mfumo mpya tuliuweka kwa OpenCore Legacy Patcher, programu ya kuwekea macOS mpya kwenye Mac za zamani. Kwa kuwa feni zinaweza zisifuate joto la kadi ngeni, weka Macs Fan Control, programu ya kuongozea feni, na uache kompyuta itengeneze video iliyohaririwa (render) kwa saa moja ukiangalia vipimo vya joto, kisha ndipo urudishe kioo.