Somo: Mtoto wa paka anayekuamsha saa tisa usiku

Chausiku aliingia kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akiwa na wiki tisa, ndani ya kikapu cha sokoni kilichofunikwa kipande cha kanga. Jina nilimpa kwa mzaha tu kwa vile aliletwa baada ya isha. Sikujua kama atalitendea haki.

Siku ya tatu niliamka alfajiri kuswali. Nilipoteremsha mguu tu kitandani akanidaka kidole gumba, nikacheka, nikaenda jikoni nikampa dagaa wawili wa jana. Kesho yake alinijia adhana haijaisha. Keshokutwa, kabla ya adhana. Wiki ya pili ilipokwisha ilikuwa saa kumi kasorobo, na haukupita muda tukawa tunaamka saa tisa kamili, yeye mzima anarukaruka, mimi nafundisha darasa la sita huku nimeegemea ubao.

Kila nikilalamika naambiwa, "Ana njaa huyo, mwalimu, mpe ale." Nikampa. Ndilo lilikuwa kosa lenyewe. Njaa ipo, sikatai, lakini paka anakuamsha leo kwa sababu jana alikuamsha na ukaamka. Hatua zote ninazoziandika hapa zinatoka kwenye neno hilo moja.

Jambo la kujua kabla hatujaanza: paka si mnyama wa usiku kama popo. Saa zake za pilika ni alfajiri na magharibi, wakati panya na ndege nao wanahangaika. Mtoto wa paka hulala hata masaa 18 kwa siku, kwa hiyo ukimwacha alale mchana kutwa wewe ukiwa kazini, ujue usingizi wake wote ameshaumaliza kabla wewe hujatandika kitanda.

Hatua ya 1: Hakikisha hana shida ya kweli

Anayeharisha, anayejikuna usiku kucha kwa viroboto, mwenye tumbo lililovimba kwa minyoo, huyo hafundishwi usingizi, anapelekwa kwa daktari wa mifugo. Vilevile aliye chini ya wiki nane ana haki ya kulia usiku. Somo hili ni la mtoto wa miezi miwili na zaidi, anayekula vizuri, mzima wa afya, mtundu tu.

Hatua ya 2: Mwindishe kabla ya kulala

Paka porini ana utaratibu wake: anawinda, anakamata, anakula, anajilamba, analala. Hawezi kuruka mpaka kwenye kulala bila kupita kwenye yale ya mwanzo. Basi mpe mawindo. Mimi natumia kijiti cha zamani nilichofunga kitambaa kwa kamba, nakiburuta sakafuni, kinajificha nyuma ya mguu wa meza, kinachungulia, kinakimbia. Usimpepee usoni, panya gani anayemrukia paka usoni? Dakika 10 hadi 15 zinatosha, na mwishoni mwache akamate. Ukimnyima ushindi anabaki na kiu, na kiu hiyo ataimalizia kwenye vidole vyako saa tisa.

Kizibo cha chupa kwenye sakafu ya saruji nacho ni mchezo tosha, ila kiondoe ukienda kulala, la sivyo utasikiliza kra-kra-kra mpaka asubuhi. Kamba na uzi usiziache chini kabisa. Paka akimeza uzi unaweza kumkata utumbo.

Hatua ya 3: Mlo mkubwa uwe wa mwisho

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji milo mitatu au minne kwa siku kwa sababu tumbo lake ni dogo. Wengi wetu tunampa asubuhi, mchana, halafu magharibi tunapopika. Kutoka magharibi mpaka alfajiri ni masaa 11, mnataka afanyeje? Mlo wa mwisho usogeze mpaka saa nne au saa tano usiku, mara tu baada ya mchezo.

Na uwe chakula hasa. Ugali uliolowekwa mchuzi wa samaki unajaza tumbo tu. Paka ni mla nyama. Dagaa wachemshe bila chumvi, ondoa mchanga, changanya na kipande cha kuku au ini kidogo, kwa sababu samaki peke yake siku zote si lishe kamili. Kitunguu na kitunguu saumu visiwemo, ni sumu kwake, hata vikiwa vimepikwa ndani ya mchuzi. Maziwa ya ng'ombe nayo paka wengi hayawakai; anayeharisha usiku atakuamsha kwa jambo baya zaidi.

Ukiwa na chakula kikavu cha dukani unaweza kumwachia punje chache za usiku. Hapo ndipo wanakuja sisimizi. Weka bakuli lake katikati ya sahani yenye maji kidogo, hawavuki. Au toboa chupa ya maji ya plastiki matundu mawili makubwa kuliko punje, tia chakula, funga kizibo. Ataigonga na kuiviringisha mpaka zidondoke moja moja, atakuwa na kazi ya kufanya badala ya kuja kwako. Iwekee mkeka chini, kwa ajili ya majirani.

Hatua ya 4: Ukiamka, usiende jikoni

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote ni wasaidizi.

Tenganisha kuamka kwako na kula kwake. Ukifungua macho tu halafu chakula kikafuata, umemfundisha kwamba macho yako ndiyo mlango wa kabati. Atajitahidi yafunguke mapema zaidi, na nani angemlaumu? Mimi sasa naamka, natia udhu, naswali, natandika kitanda, nachemsha chai, nafagia uani, ndipo nampa. Nusu saa inapita kati. Na kuna ishara nyingine niliyomchagulia: nagonga kifuniko cha sufuria mara mbili. Chakula kinatoka kwa kifuniko, hakitoki kwa mwalimu. Ilimchukua kama siku kumi kuacha kunitazama mimi na kuanza kukaa karibu na sufuria.

Kama nyumbani mna mtu anayeondoka mapema, dereva au muuza maandazi, naye mwelezeni. Mmoja akimtupia kipande cha andazi saa kumi usiku, kazi yenu nyie wengine wote inapotea bure.

Hatua ya 5: Akianza, uwe gogo

Atakuja. Atalia sikioni, atakulamba kope, atapanda neti. Wewe usiseme "shhh", usimsukume, usimrushie kandambili. Kwa mtoto wa paka mwenye hamu ya mchezo, kandambili inayoruka gizani ni zawadi. Kumkaripia nako ni kumjibu, na alichotaka ni kujibiwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanashindwa. Siku tatu nne za mwanzo atazidi. Hatapungua, atazidi. Alikuwa analia dakika tano, atalia ishirini, kwa sababu njia iliyokuwa inafanya kazi imekataa ghafla naye anadhani hajasukuma vya kutosha. Ukivumilia siku nne halafu ya tano ukaamka kumpa, umefanya vibaya kuliko kama ungempa kila siku. Umemfundisha kuwa ukilia sana, siku moja italipa. Waulize vijana wanaokaa kwenye dubwi, ile mashine ya kamari: si kwamba linawalipa kila mara, ni kwamba liliwalipa juzi.

Kwa hiyo usianze wiki ya mitihani au wiki ambayo mtoto mchanga yuko ndani. Anza likizo.

Hatua ya 6: Kitanda

Chomeka neti vizuri chini ya godoro, pande zote nne, na kucha zake zikatwe ncha (ile nyeupe tu, usifike kwenye wekundu kuna damu). Miguu ikisogea chini ya shuka ni panya, huwezi kumweleza vingine, kwa hiyo jifunze kulala bila kupiga mateke. Ukiamua alale chumba kingine, mpe huko maji, beseni la mchanga na boksi lenye nguo yako iliyovaliwa.

Kwetu ilichukua wiki mbili na siku kadhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Mwanza: Mwalimu shikamoo. Mimi nimemwokota barabarani, daktari kasema ana kama wiki tano. Analia kila baada ya masaa mawili matatu usiku. Nimwache alie kama ulivyosema?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, hapana kabisa, wa kwako amka. Mtoto wa wiki tano alipaswa awe na mama yake. Analia kwa njaa au baridi, na kwa umri huo vyote viwili vinaweza kumwua. Mpe milo midogo midogo mitano hivi kwa siku, chakula laini kilichopondwa, na maziwa maalumu ya watoto wa paka ukiyapata kwenye duka la dawa za mifugo. Chupa ya maji ya uvuguvugu izungushie kanga umwekee ubavuni, awe na nafasi ya kujisogeza akiona joto limezidi. Somo langu lirudie akifika miezi miwili.

Swali, kutoka Mombasa: Mie wangu ni jike, ana miezi sita. Alikuwa akilala vyema tu, sasa wiki hii usiku kucha yuwalia kama mtoto mchanga, ajigaragaza chini, ainua mkia. Chakula hataki. Nimejaribu mchezo, wapi!

Jibu: Dada yangu, huyo hataki mchezo, anataka dume. Jike anaweza kuanza hata na miezi minne. Asipopandwa kelele zitatulia siku chache, kisha zitarudi baada ya wiki mbili tatu, tena na tena. Akipandwa utapumzika kwa wiki tisa, halafu utakuwa na watoto wanne wa kukuamsha badala ya mmoja. Zungumza na daktari wa mifugo afungwe kizazi; kwa miezi sita anafaa. Mpaka siku hiyo, madirisha yafunge.

Swali, kutoka Muscat: Assalaam alaykum. Sisi paka wetu tulimpata Shaabani. Ramadhani nzima tunaamka daku, naye anakula nasi. Sasa Ramadhani imekwisha, wenyewe tumerudi kulala, yeye daku lake halijakwisha. Tufanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam. Nimecheka mpaka jirani kauliza. Huyu hana kosa hata moja, mmemwekea saa na anaifuata. Msimkatie ghafla. Kwa kuwa mnajua saa yake hasa, amkeni kwa kengele ya simu kabla hajaanza kulia, mmoja ampe kimya kimya bila kuwasha taa kubwa, arudi kulala. Kila baada ya siku mbili sogezeni mbele kwa robo saa mpaka mfike alfajiri. Huko mjini kwenu naamini vinauzwa vile vyombo vya chakula vyenye saa vinavyofunguka vyenyewe. Mkikipata kimoja kitawafanyia kazi hiyo, na atakilalamikia chombo badala yenu. Ramadhani ijayo kuleni daku mlango umefungwa.

Swali, kutoka Morogoro: Naweza kumpa robo ya dawa ya mafua, ile inayolewesha, alale tu usiku mmoja? Nina usaili kesho.

Jibu: Usithubutu, mdogo wangu. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na mwili wa paka hauna njia ya kuivunja kama wetu. Kidonge kimoja kinatosha kumwua. Mpeleke kwa dada yako usiku huo mmoja. Kila la heri kwenye usaili.

Swali, kutoka Kigamboni: Je, nikileta wa pili wachezeshane?

Jibu: Inasaidia, hasa wakiwa umri mmoja au ndugu wa tumbo moja, maana mtoto wa paka anajifunza kutouma sana kwa kuumwa na mwenzake. Lakini wewe unataka paka wa pili au unataka usingizi? Kama ni usingizi, jaribu kwanza kijiti na kitambaa. Havihitaji chanjo.

Swali, kutoka Tanga hapahapa: Mwalimu, na Chausiku siku hizi anaamka saa ngapi?

Jibu: Jana nilimruka nikienda kutia udhu. Alikuwa amelala ndani ya ungo, na mchele wa watu bado umo.