Kumsaidia mwanajeshi mstaafu mwenye skizofrenia apate kazi na adumu nayo

Mwongozo huu ni wa mshauri, muuguzi au mtu wa familia anayemsaidia mstaafu wa jeshi hapa Nakuru mwenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini kwamba wengine wanampangia mabaya. Msingi wake ni tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo ya kumsaidia mtu apime mawazo yake na abadili anavyotenda, iliyotungwa Indianapolis, Marekani, na Paul Lysaker wa hospitali ya wanajeshi wastaafu pamoja na wenzake. Utafiti wao wa mwaka 2009 ulihusu wagonjwa 100, wote wakapewa nafasi ya kazi kwa miezi 6. Waliopata tiba hiyo, kwa kikundi na ana kwa ana kila wiki, walidumu kazini zaidi na kazi yao ikawa bora.

1. Dawa. Kliniki iendelee. Dawa zikimlaza asubuhi, muulizeni daktari kama dozi inaweza kuhamia jioni. Msiihamishe wenyewe.

2. Anzeni kutafuta kazi sasa. Msingoje sauti ziishe. Robert Drake na Deborah Becker, huko New Hampshire, walijenga utaratibu wa kumwingiza mtu haraka katika kazi ya kawaida anayoitaka mwenyewe, kisha kumsaidia akiwa ndani. Nauamini kuliko miezi ya mafunzo ya "kujiandaa".

3. Chagueni kazi. Muulize alichofanya jeshini: ufundi wa magari, upishi, stoo? Kila mtu atamsukuma kwenye ulinzi wa usiku kwa kuwa alishika bunduki. Mimi napinga kabisa. Usingizi ukivurugika dalili hurudi, na kukaa peke yako gizani ukisikiliza kila mchakacho hulisha hofu. Gereji ya mchana au jikoni ya shule ni afadhali mara nyingi.

4. Mwandae kwa kukosolewa. Hapa ndipo kazi nyingi hupotelea, kwa hiyo msiharakishe.

Nunua daftari dogo la mfukoni. Sipendi simu kwa zoezi hili, maana ujumbe ukiingia tu mawazo yanahama. Chora safu nne: kilichotokea, nilichowaza, ushahidi, nitakachofanya. Aandike jioni ileile, kwani akingoja siku ya kikao chenu cha kila wiki, tafsiri ya kwanza itakuwa imeshageuka kumbukumbu.

Mfano. Fundi mkuu anasema, "Afande, hii nati umeikaza kupita kiasi." Nyuma, vijana wawili wanacheka. Anaandika: "Wamejua nililazwa. Wanapanga kunifukuza." Usibishane naye. Muulize ni nini kingine kingeweza kuwachekesha, na umwache atafute mwenyewe. Pengine atakumbuka walikuwa wameinamia simu. Kisha pangeni kipimo kidogo: kesho amuulize fundi mkuu, "Ile nati ya jana, niikaze kiasi gani?" Jibu atakalopewa, na sauti litakayotolewa nayo, viingie safu ya ushahidi.

Jeshini amri hujibiwa "Ndiyo, afande" na mambo yameisha. Gerejini, mtu akikosolewa akanyamaza huonekana ana kiburi. Mfanyishe mazoezi ya kusema, "Sawa, nionyeshe tena." Wewe uwe fundi mkuu; anza kwa upole, kisha uongeze ukali jinsi atakavyousikia kweli. Ikiwa alipigana Somalia na hushtuka akiitwa kwa nyuma, aombe sehemu ya kazi ambayo mgongo wake unaelekea ukuta.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: wakati mwingine ni kweli wanamsema. Unyanyapaa upo. Ushahidi ukionyesha hivyo, msihangaike na wazo lake. Jadilini atamjibu nani, vipi, au kama ahame. Usimfundishe kutilia shaka macho yake mwenyewe. Ya pili: sauti zikimwamuru ajidhuru au adhuru mtu, weka daftari chini mwende hospitali wakati huohuo.

5. Kumwambia mwajiri. Uamuzi ni wake. Akikataa, aombe tu ruhusa ya siku za kliniki. Akitaka nafasi za serikali, ajiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa kuwa kifungu cha 54 cha Katiba kinataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya walio katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu.

6. Akishaajiriwa, vikao viendelee kila wiki. Mshahara wa kwanza huja na wazo la "nimepona", na dawa huachwa. Liandikeni wazo hilo daftarini kabla halijafika. Mwombe mkewe au ndugu anayeishi naye ataje dalili za mwanzo anazozijua yeye: kutembeatembea usiku, kuzima redio kwa kuwa anaamini inamtaja. Kubalianeni, mstaafu mwenyewe akiwepo na akiwa mzima, ni nani atakayepigiwa simu dalili hizo zikionekana. Kazi ikipotea, rudini hatua ya 3 wiki hiyohiyo, mkiwa na daftari lilelile: kurasa zake zitawaonyesha ni mazingira gani aliyaweza na yapi yalimshinda.