Unataka kuwa joki bingwa Uingereza? Anza na hesabu

Watu wengi wanadhani joki (mpanda farasi wa mbio) bingwa ni yule aliyeshinda Derby, ile mbio maarufu ya farasi, siyo kweli kabisa. Kule Uingereza kwenye mbio za flati, yaani zile farasi anakimbia tu bila kuruka viunzi, ubingwa ni wa mwenye ushindi mwingi kwenye msimu, na ushindi wa kiwanja kidogo jioni unahesabika sawa na wa kiwanja maarufu kama Ascot. Gordon Richards alikuwa bingwa mara 26 na Derby aliipata moja tu, 1953 akiwa na Pinza. Ila mwaka 1947 pekee alishinda mbio 269, hebu fikiria!

Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta farasi wengi wa kupanda. Unapita chuo, mfano British Racing School pale Newmarket, halafu unaingia kwa treina, yaani anayewafundisha farasi wa mbio, kama joki mwanafunzi, na huko alfajiri ni kuzoa mavi ya farasi, kuwapiga brashi na kuwatoa mazoezini, usiikwepe hiyo kazi maana ndo treina anapokuona.

Sasa sikiliza hapa. Mwanafunzi farasi wake anapunguziwa uzito anaotakiwa kubeba, pauni 7 (kilo 3 na kidogo) mpaka ufikishe ushindi 20, kisha 5 mpaka 50, kisha 3 mpaka 95. Matreina wanaupenda sana huo unafuu so mbio utapata. Shida inakuja ukiisha, unapimwa sawa na wakubwa na simu zinapungua, wengi wanapotelea hapo. Kabla hujafika huko tafuta wakala anayejua kusoma mbio na kuwapigia matreina kila siku, kwangu mimi wakala mzuri ni nusu ya ubingwa.

Uzito nao haukuachi. Unapanda mizani na tandiko mkononi kabla ya mbio na baada. Lester Piggott alikuwa na futi 5 na inchi 8, akajinyima chakula maisha yake yote ya kazi, na bado akawa bingwa mara 11. Wewe usijikaushe maji mwilini, tafuta mtaalamu wa lishe mapema.

Halafu kiboko cha kumchapia farasi: mwisho kuchapa mara 6 kwa mbio moja. Ukizidisha unafungiwa siku kadhaa, na siku hizo mpinzani wako ndo anapanda farasi wako na ushindi unaandikwa kwake.