Umegongwa, aliyekugonga katoroka: fanya haya kabla ya kwenda kwa fundi

Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari. Wengi wanaogongwa na dereva akakimbia huja kwangu moja kwa moja, wakitaka gari lirudi barabarani upesi. Huwa nawaomba wasubiri. Gari likishanyooshwa, ushahidi umekwenda nalo, na bima haina tena cha kukagua.

1. Usimfukuze. Simama, washa taa za hatari, angalia kama kuna aliyeumia. Shingo huweza kuanza kuuma kesho yake, kwa hiyo usiandike popote kwamba hukuumia kabla hujapimwa.

2. Okota ushahidi. Jirekodi kwenye simu ukitaja unachokumbuka: herufi mbili tatu za namba, rangi, saa, upande alioelekea. Piga picha za mbali zinazoonyesha barabara, kisha za karibu. Halafu tazama chini, maana hapa ndipo wengi hupoteza. Mama mmoja aliniletea kipande cha taa kisichozidi kiganja, kakifunga kwenye leso. Nilipokigeuza, kwa ndani kulikuwa na namba ya kipuri, na kwa namba ile tukajua ni gari la aina gani. Rangi ya mwenzako iliyobaki mlangoni nayo ni ushahidi. Usiifute, na usilioshe gari.

3. Polisi siku hiyo hiyo. Chukua namba ya taarifa yako. Waombe wenye kamera za ulinzi jirani wakuhifadhie picha mapema, kwa sababu kamera nyingi hufuta za zamani zenyewe baada ya siku kadhaa.

4. Bima. Toa taarifa mara moja, kwani mikataba huweka muda maalumu. Kama una bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako, kwa kawaida gari lako hutengenezwa hata aliyekugonga asipopatikana, ila kuna kiasi utakachochangia mwenyewe. Uharibifu ukiwa chini ya kiasi hicho, kudai hakuna faida. Bima ndogo, ile ya kufidia wengine tu, kwa kawaida hailipi gari lako, lakini baadhi ya nchi zina mfuko wa kufidia waliojeruhiwa na magari yasiyojulikana, kwa hiyo ulizia. Na usikisie namba ya gari ambayo hukuiona vizuri. Sema hukuiona.

5. Mkadiriaji. Huyu ndiye anayetumwa na bima kukagua uharibifu. Mwombe bampa ifunguliwe mbele yake. Bampa ya plastiki hurudi umbo lake kana kwamba hakuna kitu, kumbe chuma cha nyuma yake kimepinda. Nimeshaona gari lenye mikwaruzo tu kwa nje, ndani sakafu ya buti imekunjamana. Fundi akikuta uharibifu mpya kazi ikiwa imeanza, asimame, apige picha, na bima iidhinishe nyongeza kwa maandishi. Ukiruhusu aendelee kwa ahadi ya mdomo, unaweza kuulipa mfukoni mwako.

6. Kupokea gari. Nenda mchana, rangi haidanganyi juani. Linganisha nafasi kati ya milango ya pande zote mbili. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bati: ikikataa kunata mahali pa chuma, chini kuna puti nene, ile ya kujazia mabonde. Endesha penye njia iliyonyooka uone kama usukani unavuta upande. Ukiona kasoro, iandike kwenye fomu ya makabidhiano kabla ya kutia saini.