Mtoto wako anacheza mpira? Usivipite vyuo vidogo

Wazazi wengi tulioko Marekani tukisikia "skolashipu ya mpira," mawazo yanakimbilia vyuo vikubwa vinavyoonekana kwenye televisheni. Huko nafasi ni chache na vijana ni wengi. Mimi ningeanza kwingine.

NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani, ina Daraja la Tatu, lenye vyuo zaidi ya 400, vingi vidogo. Kanuni haziruhusu vimlipie mchezaji kwa sababu ya kipaji cha uwanjani. Msaada hutolewa kwa alama za darasani na kwa uhitaji wa familia, na kwa nyumba inayoishi kwa mishahara ya ghalani na ya kuhudumia wazee, huo wa pili waweza kuwa mkubwa kuliko skolashipu ya nusu nusu.

Chukua Lewiston, Maine, mji wenye familia nyingi za Kisomali, pia za Kongo na Angola. Mwaka 2015 shule ya sekondari ya mji huo ilitwaa ubingwa wa jimbo, na wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi, wengine wamepitia kambi ya Dadaab, Kenya. Mji huohuo una Chuo cha Bates, cha Daraja la Tatu, chenye timu za wanaume na wanawake. Hakitoi skolashipu ya michezo, ila huahidi kuziba pengo lote la uhitaji wa kila aliyekubaliwa. Kwa hiyo ukiona ada yake usishtuke. Tafuta kwenye tovuti ya chuo kikokotoo cha gharama halisi (net price calculator), jaza kipato chenu, uone kinachobaki.

Mpira hapa kazi yake ni kufungua mlango wa udahili. Kocha akimtaka mchezaji, humsemea. Mwombe apeleke alama za mtoto ofisi ya udahili zisomwe mapema, kiangazi cha kabla ya darasa la 12. Barua pepe aandike mtoto mwenyewe, na video fupi ya mechi. Makocha wanataka kumsikia yeye, si baba yake.

Fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Wenye grinikadi, wakimbizi na waliokwisha kupewa hifadhi wanastahili msaada huo. Vyuo vingi binafsi hutaka pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuombea msaada wa chuo chenyewe. Ukikuta chuo cha NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, hicho chaweza kutoa skolashipu ya mpira yenyewe.

Na binti zetu? Hili linaniuma. Kaka anapelekwa mazoezini, dada anabaki kulea wadogo. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viwape wanawake nafasi sawa michezoni. Messiah, chuo cha Pennsylvania, kina mataji 11 ya taifa ya wanaume na 6 ya wanawake katika Daraja la Tatu. Jumamosi hii panga zamu ya kulea, binti naye aende uwanjani.